Fundi wa Nyasi na Bei Zake

Fundi wa Nyasi hakuwahi kutaja bei akiwa amevaa viatu. Alifika getini, akavua viatu vyake vya ngozi vilivyokunjamana, akavipanga chini ya ukuta soksi zikiwa ndani, halafu akaingia pekupeku kwenye nyasi za watu. Hakubeba futi wala kamba. Alitembea polepole, mikono nyuma, akafika ua wa mwisho na kurudi kwa njia nyingine, mara akisimama na kukandamiza kisigino mahali fulani kama anayezima sigara. Ukimwuliza anatafuta nini, alijibu, "Wacha kwanza nisikie." Akimaliza alirudi getini, akaokota viatu, akataja bei huku macho yake yakiwa pembeni.

Mimi mtu anayetaja bei huku akitazama pembeni simwamini. Kabla ya kustaafu nilisimamia vyumba katika hoteli moja ya Naivasha, na nimewaona watu wa kila namna wakitaja bei mbele yangu, wa samaki, wa maua, wa kuzibua mabomba, wa kushona mapazia. Mwenye bei ya haki hukutazama usoni. Anayetazama ukuta anasoma ukuta una thamani gani, na huyu alikuwa na mazoea ya kutazama kila kitu isipokuwa uso wa mtu. Alitazama tenki la maji, mbwa, mapazia, gari na namba zake. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajisemea, na mimi pia ninayo.

Biashara yangu ilikuwa nyasi. Nilipostaafu nilichukua pesa yote niliyolipwa, nikaongeza ile aliyoniachia marehemu mume wangu, nikanunua shamba dogo nje ya mji wa Nakuru, barabara ya kwenda Njoro, nikalifanya bustani ya sherehe. Harusi, kupeleka mahari, watoto waliomaliza chuo, vijana wa kupiga picha, wote niliwapokea. Watu hudhani bustani ya sherehe ni maua. Bibi harusi akija kukagua hatazami waridi, anatazama chini atakapoburuza gauni. Akiona vipara anasema atapiga simu, na hapigi. Nyasi zile zikifa sina kitu kingine duniani, na hilo nililijua kila asubuhi nilipofungua mlango.

Aliyenielekeza kwa Fundi ni Mama Chebet, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Section 58 tuliye naye katika chama kimoja cha akiba. Uwanja wake wa mbele ulikuwa laini hata unaona aibu kuukanyaga. "Huyo mzee ni mgumu," alinionya, "lakini nyasi humsikia." Nikampigia simu. Akaja, akavua viatu, akatembea katika shamba langu muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hasa upande wa chini, ambako alikwenda na kurudi hata nikaanza kudhani amepoteza kitu. Geti langu lilikuwa jipya, rangi haijakauka vizuri. Alilitazama lile geti sana. Kisha akaokota viatu na kusema:

"Mama, hii ni elfu arobaini. Kila season."

"Arobaini?"

"Arobaini. Kama ni mingi hakuna shida. Kuna vijana wengi huko stage ya matatu wanafanya hii kazi."

Alishaanza kuvaa. Nikaona ananipima. Ananitazama mjane na geti jipya, anajiuliza kama ni geti tu au kuna pesa nyuma yake. Sikutaka anidharau. Hotelini nilizoea kusikia bei kubwa za kutunza uwanja, kwa hiyo arobaini haikuniangusha.

"Nani amekuambia ni mingi?" nikasema. "Anza Monday."

Alisimama pale na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ndipo aliponitazama usoni mara ya kwanza, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata kazi. Nikajua maana yake papo hapo, au nilidhani nimejua. Mwizi huyu anajuta hakusema hamsini.

Yapo mengi ya kusema kuhusu bei za watu hawa, na nimeyachunguza, kwa sababu ukishamshuku mmoja unawachunguza wote. Wengine huhesabu pampu, yaani kila pampu ya mgongoni watakayonyunyiza ina bei yake, kwa hiyo wanachanganya dawa nyepesi ili pampu ziwe nyingi. Wengine hupima kwa hatua, na hatua zao hufupika wakiona una gari kubwa. Wengine husema bei ndogo ya kuingilia, halafu wiki ya pili wanagundua mchwa, wiki ya tatu ndago, wiki ya nne ugonjwa wenye jina la kizungu ambao dawa yake inapatikana kwa binamu yao tu. Fundi hakufanya lolote kati ya haya. Alitaja bei moja, na bei hiyo haikupanda wala kushuka, na hicho ndicho kilichonikosesha usingizi. Mwizi mwenye utaratibu ni mbaya kuliko mwizi wa kubahatisha.

Binti yangu Wambui, anayefanya kazi Olkaria kwenye visima vya mvuke, alikuja siku moja ya mapumziko, akatoa simu na kupiga hesabu ya shamba lote, mita kwa mita, dawa, mbolea na kibarua. "Mum, huyu mzee anakupiga," akasema. "Tena mchana." Nikamwambia najua. Akauliza kama najua kwa nini ninalipa. Nikamwambia subiri, nitamshika.

Kumshika nilijaribu kwa njia nyingi. Alikuwa na tabia ya kwenda nyuma ya tenki kuchanganya dawa zake, mgongo ametugeuzia, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Nikasadiki kwamba ni maji yenye rangi. Basi siku moja alipokuwa upande wa chini, nikachota kidogo kutoka kwenye pampu yake, nikatia katika chupa ya soda, na jioni nikainyunyiza nyuma ya jiko palipokuwa na magugu. Magugu yalikufa. Mboga zangu za managu zilizokuwa jirani nayo zikafa pia, zote, pamoja na kunde nilizopandia Krismasi. Fundi alipokuja tena alipita nyuma ya jiko, akasimama, akaitazama ile ardhi iliyoungua, akanitazama mimi. "Hapa sitachaji," akasema, akaenda zake. Nilikasirika wiki nzima.

Mara nyingine nilijaribu umaskini. Msimu wake ulipofika nililihamishia gari kwa Mama Chebet, nikavaa leso iliyochanika, nikafunga kichwa, nikamkaribisha nikiwa natwanga njugu kwenye kinu ambacho sikuwa nimekitumia tangu nilipoolewa. Nikalalamika kuhusu bei ya unga. Alisikiliza kwa heshima zote, akakubali kwamba unga umepanda, akavua viatu, akatembea, akarudi. "Arobaini," akasema. Akafunga kamba za viatu. "Na gari imeenda wapi, Mama Wambui? Iko garage?"

Alikuwa na maneno yake. "Dawa ni ya nyasi, bei ni ya mwenye nyasi" ndilo alilolipenda kuliko yote, na alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma amri za Mungu. Nilipolisikia mara ya kwanza nilimwambia ndivyo hata wezi wa mifukoni wanavyosema. Alicheka mpaka akakohoa. Lingine lilikuwa, "Nyasi haitakuaga." Hakutaka nyasi zisifiwe mbele yake. Bibi harusi akisema bustani inapendeza, yeye aliinama na kung'oa kitu chochote, hata kama hakikuwa gugu.

Sikatai kwamba alikuwa na kiburi. Aliwahi kuunguza uwanja wa kanisa letu, nyasi zikageuka rangi ya chai wiki moja kabla ya harambee. Kila mtu alijua kwamba alizidisha dawa. Wazee wa kanisa walipomwita, alisema ni jua. Mwaka huo mawingu yalikuwa hayaondoki juu ya mlima Menengai, tulikuwa tunaanika nguo ndani ya nyumba, lakini yeye akashikilia kwamba ni jua. Kisha akaleta nyasi mpya kwa gharama yake, akazipanda mwenyewe akiwa amepiga magoti tangu asubuhi, na padre alipomshukuru akasema, "Jua lilikuwa kali sana, Father." Mtu wa namna hiyo utamwekaje? Anarekebisha kosa ambalo bado anakataa kuwa ni lake.

Siku niliyojua bei ya Mama Chebet sitaisahau. Tulikuwa kwenye chama, chai iko mezani, mtu akataja mambo ya mbolea, naye akasema kwa urahisi tu kwamba Fundi humchaji elfu kumi. Uwanja wake, ukijumlisha wa mbele na wa nyuma, hautofautiani sana na shamba langu. Nikaweka kikombe chini ili kisianguke. Sikuwaambia wenzangu mimi nalipa ngapi, kwa sababu kuibiwa ni kitu kimoja na kuchekwa ni kingine.

Alipokuja nilimngoja getini. "Fundi, Mama Chebet unamchaji ngapi?"

"Ya Mama Chebet ni ya Mama Chebet."

"Kumi! Na mimi arobaini. Shamba ni saizi moja. Nimekukosea nini?"

Alitazama upande wa chini wa shamba. "Mama Wambui, nilikuambia kama ni mingi, wacha. Sitakasirika. Hata leo, wacha tu. Tafuta mtu mwingine, ama panda mahindi huko chini. Mahindi si mbaya."

Panda mahindi! Aniibie halafu anitukane. Nilimfukuza siku hiyo hiyo. Nikaita kampuni ya vijana wenye ovaroli za kijani, waliokuja na gurudumu la kupimia lenye kengele, wakaniandikia bei yao kwenye karatasi yenye picha ya waridi, elfu kumi na nane. Nikaona sasa nimefika kwa watu. Wiki za kwanza nyasi zilipendeza. Kisha upande wa chini ukaanza kukauka, si vipara, bali mstari mmoja uliopinda kutoka ua hadi ua, kama mtengano wa nywele kichwani. Wakaongeza mbolea. Wakaongeza maji, tenki zima, na maji yakapotea bila hata kuacha tope. Yule mkubwa wao akaniambia kwa uso mkavu kwamba huenda ni mbegu niliyopanda. Harusi mbili zilikuja kukagua na zote zikasema zitapiga simu.

Nilimpigia Fundi mimi mwenyewe, na hilo liliniuma. Akaja, akavua viatu kana kwamba hatukuwahi kugombana. Nilitarajia apandishe bei kunikomoa, au aishushe kwa aibu.

"Arobaini," akasema.

"Hata huoni haya?"

"Bei ilishasemwa na ikakubaliwa, Mama. Sasa si yangu tena."

Tukarudi pale pale, na upande wa chini ukarudi kijani. Usiniulize kwa vipi. Alileta magunia ya udongo wa msituni ambayo hayakuwa kwenye mapatano, na kiangazi kimoja alikuja na bauza la maji ambalo sikuliita. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilizidi kumshuku. Mfanyabiashara hatoi bure, na akitoa, ujue anaosha kitu. Nilikwenda hadi kumwuliza dereva wa bauza nani kamlipa. Akasema, "Si ni huyo mzee, mathe?" Nikamwambia mzee hana wazimu. Niliamini wana mpango wao, ingawa sikuweza kuona ni mpango gani.

Kulikuwa na sheria nyingine aliyoishikilia. Hema lisisimame upande wa chini. Likae juu, karibu na mjakaranda, hata kama wageni ni wengi na juu panabana. "Nyasi ya chini haitaki uzito," alisema. Niligombana naye kuhusu hili kila msimu, kwa sababu chini ndiko kuna mandhari. Nilidhani anajipunguzia kazi, kwamba nyasi zisizokanyagwa hazimsumbui. Lakini alikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko jambo lolote, na mara moja alipokuta watu wa mapambo wamepiga vigingi huko, aliving'oa kwa mikono yake bila kumwuliza mtu.

Na nitasema na hili, kwa sababu wakati ule lilinipita. Siku moja nilimpa lifti hadi Lanet kwa mtu aliyejenga ghorofa na kutaka uwanja wa kijani mbele yake. Nilingoja ndani ya gari na dirisha wazi. Fundi alitembea kidogo tu, kisha nikamsikia anasema elfu sabini. Mwenye nyumba alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Fundi akarudi garini, akavaa viatu, na tulipofika barabara kubwa nikasikia anaimba wimbo wa kanisani polepole.

"Umepoteza kazi na unaimba?" nikamwuliza.

"Kazi zingine ni afadhali zipotee," akasema.

Kiburi, nikajiambia. Mtu ameshiba pesa zangu, za wengine anazitafutia nini.

Kisha magoti yake yakakataa. Alikuja kuniaga, akamwonyesha Kiptoo, mlinzi wangu, namna ya kuchanganya dawa na namna ya kumwagilia upande wa chini, kidogo na mara nyingi, kamwe si kwa wingi. Alirudia hilo mpaka Kiptoo akachoka. Akasema anarudi kwake Longonot. Sikumshika mkono kwa muda mrefu. Nilikuwa nikifikiria pesa yangu yote iliyoondoka naye.

Mvua za Aprili iliyofuata zilikuwa nzito. Asubuhi moja Kiptoo alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mathe, kuja uone. Kuja saa hii."

Upande wa chini ulikuwa umepasuka. Ufa ulitoka ua hadi ua, ukifuata ule mstari uliopinda, mahali pengine mwembamba, mahali pengine mpana kiasi cha ng'ombe kutumbukia. Nyasi zilining'inia kwenye kingo zikiwa bado kijani. Kiptoo aliteremsha mpira wa maji ndani na haukugusa chini. Watu wa Nakuru tunazijua nyufa hizi, mvua ikinyesha sana ardhi hufunguka, barabara hukatika, nyumba ya mtu huegemea. Tunazijua, lakini kila mmoja hujua kwamba ziko kwa mwingine. Nilikaa chini kwenye matope na nikalia kwa sauti, mbele ya mlinzi wangu, bila kujali.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Hema lilikuwa limepangwa juu, karibu na mjakaranda, kama kawaida yetu. Kama kawaida yetu. Ndipo machozi yalipokauka, nikasimama. Vigingi alivyong'oa. Maji kidogo na mara nyingi. Panda mahindi huko chini. Mzee yule alijua. Miaka yote alijua kilichokuwa chini ya miguu yangu, akachukua pesa yangu na kunyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikauzungushia ufa mabati, nikaiandaa harusi ya watu, nikatabasamu, na Jumatatu nikaendesha gari hadi Longonot.

Kwake hakukuwa na jani moja la nyasi. Ua mzima ulikuwa udongo mtupu uliofagiwa, majivu yale ya volkano yanayopeperuka mtu akipiga chafya, na mlima nyuma yake. Alikuwa amekaa juu ya jerikeni iliyopinduliwa, pampu yake ya zamani magotini, anabadilisha mpira. Alifurahi kuniona, na furaha yake iliniudhi. Akaita chai. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Gilgil, na nilikuwa ndiyo nafungua mdomo simu yake ilipolia.

Ilikuwa kazi. Mtu wa Naivasha, kwa nilivyosikia, alitaka uwanja wake utunzwe. Fundi akamwuliza nyumba ina miaka mingapi, na mvua ikinyesha maji hukaa kwa muda gani. Akasikiliza. Kisha, akitazama pembeni, akasema, "Boss, hiyo ni laki moja." Simu ikakatwa upande wa pili. Fundi akacheka, akairudisha mfukoni.

"Huyo hatapiga tena."

"Lakini hata hujaiona," nikasema.

"Amesema maji hukaa wiki mzima. Hapo si pa nyasi, hapo ni pa samaki."

"Basi si ungemwambia hapana?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha mtoto. "Mtu amejenga nyumba yake, Mama Wambui, ameipenda. Utamwambiaje hapana? Humwambii hapana. Unamwambia bei. Akiwa na akili anaenda."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamwona tena amesimama getini kwangu na kiatu kimoja mguuni.

"Ulijua kuna ufa," nikasema.

Aliweka pampu chini.

"Umefunguka?"

"Umefunguka. Upande wote wa chini umeenda."

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna. Lakini kungekuwa na mtu? Watoto hukimbia huko chini, Fundi! Vigingi uliving'oa, watoto nao uliwang'oa? Pesa yangu yote iko kwa hiyo shamba. Ulijua siku ya kwanza. Kwa nini hukuniambia?"

Alitazama mikono yake. "Kujua sikujua kabisa," akasema. "Mguu ulisikia utupu. Ningesema kuna ufa, na maneno yafike town, hiyo shamba ungemuuzia nani? Na geti ulikuwa umeshajenga. Nikaona nikufukuze na bei, utafute mahali pengine mapema. Ukasema nianze Monday."

"Miaka yote hiyo."

"Nusu ya hiyo pesa ilienda kwa maji." Hilo sikuliamini lote, na mpaka leo siliamini lote. "Kila season nilikuambia uwache. Hukuwacha."

"Hukuniambia! Mdomo ulikuwa nao, Fundi. Hukuniambia."

"Nilikuambia," akasema, na sasa alinitazama usoni. "Nilisema elfu arobaini."

Nilitaka kumpiga kwa kile kikombe. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema, lakini hapa aliyechelea alikuwa yeye na aliyelia nilikuwa mimi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mengine pia, na aliyapokea yote kichwa kikiwa chini, bila kulisingizia jua. Kuku walipita kati yetu. Chai ikapoa.

Nilipomaliza nilikuwa nimechoka, na kilichobaki ndani yangu kilikuwa swali moja, lile nililoogopa tangu siku ya ufa na ambalo hata Wambui na mashine zake za Olkaria hakuweza kunijibu. Nusu ya juu, yenye mjakaranda, ndiyo iliyonibakia. Kama nayo ni tupu chini, basi nimekwisha.

"Fundi," nikasema. "Ile ya juu. Ungekuwa na magoti. Ni bei gani?"

Alielewa. Aliinama akafungua kamba za viatu, akavua kimoja, akavua cha pili, akaweka nyayo zake kwenye ule udongo uliofagiwa na kufumba macho, akitembea kwangu akiwa amekaa kwake. Nilimwona anapita getini, anafika kwenye mjakaranda, anakandamiza kisigino, anazunguka. Akafumbua macho. Hakutazama pembeni.

"Elfu kumi," akasema.

Bei ya Mama Chebet. Nilifunika uso kwa leso nikakaa hivyo mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikajifuta, nikaweka kikombe chini.

"Kumi ni mingi, Fundi," nikamwambia. "Shamba lenyewe ni nusu. Ongea vizuri."